Cha serikali au cha mtu? Dhana tunazosafiri nazo kwenda kusoma nje

Kaka yangu hakuisoma barua. Aliigeuza mara mbili, akautazama muhuri wa rangi ya dhahabu uliobandikwa chini, kisha akaniuliza swali moja tu: "Dada, hiki chuo ni cha serikali au cha mtu?" Tulikuwa barazani kwake Tanga, chai imeshapoa, na mwanawe aliyemaliza kidato cha sita kainamia simu akijifanya hatusikii.

Swali hilo naulizwa sana. Nilisoma uzamili Ujerumani, katika jimbo la Hessen, na tangu nirudi ndugu na jamaa wananitumia barua za udahili kama wanavyomtumia daktari picha za eksirei. Wanataka jibu la neno moja. Shida ni kwamba maneno haya mawili, serikali na binafsi, tumeyajaza maana ya hapa kwetu. Shule ya msingi na sekondari, mzazi mwenye uwezo anaikimbia ya serikali. Ikifika chuo kikuu kibao kinageuka: kila mtu anataka Mlimani, na cha binafsi anaambiwa ni cha aliyekosa nafasi. Kisha tunapanda ndege na ramani hiyohiyo, tunashangaa barabara hazionekani.

"Cha serikali ndiyo nafuu"

Nafuu kwa nani? Vyuo vya umma vinabebwa na kodi za wananchi, na aliyelipa kodi ndiye anayepunguziwa. Mgeni ana bei yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Marekani. Chuo Kikuu cha California, pale Berkeley, ni cha umma kabisa, mali ya jimbo. Mwanafunzi kutoka nje ya jimbo anaongezewa ada juu ya ada, na ukijumlisha chumba na chakula, mwaka mmoja hupita dola 80,000. Tena mfumo huo wa California haumpi mgeni wa shahada ya kwanza msaada unaotokana na hali ya kipato cha nyumbani kwao. Sasa vuka upande wa pili wa nchi hadi Harvard, ambacho ni cha binafsi na kilianzishwa 1636. Bei yake ya kwenye karatasi inatisha vilevile, lakini kinapima mfuko wa familia yako na kukulipia pengo lote, uwe Mmarekani au Msukuma wa Magu. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2025/26, familia yenye kipato kisichofika dola 100,000 kwa mwaka hailipi kitu. Yale, Princeton na MIT nao hawatazami mfuko wa mgeni wakati wa kuamua nani aingie.

Naongeza haraka kabla mtu hajauza shamba la mkonge kwa furaha: kwenye vyuo hivyo, katika waombaji 100 hawazidi watano wanaopata. Lakini kuna vidogo visivyo na jina kubwa kwetu. Berea, cha Kentucky, ni cha binafsi na hakijatoza ada ya masomo tangu 1892. Kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki, na wageni wachache wanaochukuliwa kila mwaka hufadhiliwa. Tatizo la sasa kwa Marekani ni mlangoni. Tangu 2025 wamebana viza kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika, baadhi za ukanda wetu, kwa hiyo kagua pasipoti yako iko kundi gani kabla ya kulipia mtihani wowote.

Uingereza nako, kikomo cha ada kilichowekwa na serikali, pauni 9,535 kwa mwaka wa 2025/26 kule England, ni cha mwanafunzi wa nyumbani tu. Mgeni anatozwa kadiri chuo kinavyoona.

"Ujerumani ni bure"

Hapa nikae kidogo, maana hili ndilo linalowapeleka watu wengi mbio na kuwarudisha wakitweta.

Ni kweli kwa sehemu kubwa. Miaka ya 2000 majimbo kadhaa yalijaribu kutoza ada, mara nyingi euro 500 kwa muhula, wananchi wakakasirika, yakarudi nyuma moja moja. La mwisho lilikuwa Niedersachsen, 2014. Ila elimu ni mambo ya jimbo, si ya serikali kuu ya Berlin, na kila jimbo lina yake. Baden-Württemberg, wenye Heidelberg, Freiburg, Stuttgart na Karlsruhe, tangu muhula wa baridi wa 2017/18 linamtoza mwanafunzi asiyetoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Munich, chuo kikuu cha ufundi, TUM, kilianza kutoza wageni hao muhula wa baridi wa 2024/25: euro 2,000 hadi 3,000 kwa muhula kwa shahada ya kwanza, na 4,000 hadi 6,000 kwa uzamili. Vyote hivyo ni vya umma. Zaidi ya hapo, zipo kozi za uzamili za watu walioko kazini, za biashara hasa, ambazo hata chuo cha umma kinazitoza maelfu.

Hata pasipo na ada, kuna mchango wa muhula. Mimi nilikuwa nalipa kama euro 270, na humo ndani mlikuwa na tikiti ya treni na tramu kwa miezi sita, kwa hiyo sikuwahi kulalamika.

Kinachowaangusha wengi ni pesa isiyo ada. Ubalozi unataka kuona utaishije. Njia ya kawaida ni Sperrkonto, akaunti ambayo unaweka pesa ya mwaka mzima kisha inafungwa. Ukifika, inakufungulia fungu la mwezi tu. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 30, na lazima zionekane zote kabla ya viza. Shemeji mmoja alidhani ni ada ya chuo cha serikali na akatangaza ukooni kwamba Wajerumani ni waongo. Si ada. Ni pesa yako, utaila mwenyewe. Anayesoma chuo cha binafsi anaiweka vilevile, halafu juu yake ndiyo analipa ada. Anayeepuka ni mwenye ufadhili, au mwenye mwenyeji kule aliyesaini ahadi rasmi ya kumtunza.

Halafu lugha. Kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza kwenye vyuo vya umma zimejaa ngazi ya uzamili. Shahada ya kwanza kwa sehemu kubwa ni Kijerumani, na cheti chako cha sekondari kinaweza kuonekana hakitoshi kukuingiza moja kwa moja, ukatakiwa kupitia Studienkolleg, mwaka wa maandalizi. Kwenye tovuti ya anabin, hifadhidata ya Wajerumani ya kukagua vyeti vya nje, unaona nchi yako, cheti chako, na wanachokidai. Hapo ndipo vyuo vya binafsi vinapopata wateja: shahada ya kwanza kwa Kiingereza na milango ya kuingia mara kadhaa kwa mwaka. Kwa baadhi ya watu hiyo inalipa. Lakini ukichagua huko, hakikisha masomo ni ya kukaa darasani. Kibali cha kuishi cha mwanafunzi hakikutengenezewa mtu anayesoma mtandaoni akiwa chumbani.

"Cha binafsi ni duka la vyeti"

Maduka ya vyeti yapo, nchi zote. Ila duka halitambuliki kwa neno "binafsi". Hamburg kuna Bucerius, shule ya sheria ya binafsi iliyofunguliwa 2000 na wakfu mmoja wa hapo. Wanasheria wa Kijerumani wanaitaja kwa heshima. Na neno hilo, wakfu, ndilo lingetusaidia kuelewa mengi. Waturuki wanaviita vyuo vyao visivyo vya dola kwa jina ambalo mtu wa pwani hahitaji kutafsiriwa: vakıf. Kisheria vinaanzishwa na wakfu na havitakiwi kugawana faida. Cha kwanza, Bilkent cha Ankara, kilianzishwa 1984. Vipo vya hali ya juu kama hicho, Koç na Sabancı, na vipo vingine ambavyo mtu akiniuliza namshauri apumzike kwanza.

Kwa Ujerumani tafuta maneno mawili kwenye ukurasa wa chuo cha binafsi: "staatlich anerkannt", yaani kinatambuliwa na dola. Kisha nenda Hochschulkompass, orodha ya mtandaoni ya vyuo vya Ujerumani vinavyotambuliwa na dola, andika jina la chuo. Kikiwemo, ni salama. Kisipokuwemo, funga ukurasa. Inachukua dakika tano na bando kidogo.

"Wamempa ufadhili wa asilimia 60"

Hii ndiyo iliyokuwa barua ya Tanga. Ada euro 9,000 kwa mwaka, ufadhili asilimia 60 kwa sababu ya "matokeo bora", zinabaki 3,600, na 1,500 kati ya hizo zilipwe ndani ya siku saba, hazirudishwi. Chuo cha binafsi, nchi moja ya Ulaya. Kaka alikuwa ameshaongea na mtu wa benki.

Nikatafuta vijana wetu wawili wanaosoma nchi hiyo, nikawatumia picha ya barua. Mmoja alikuwa na daraja la tatu kidato cha sita. Wote wawili walikuwa na asilimia 60 ileile, na muhuri wa dhahabu uleule. Hiyo haikuwa zawadi ya akili za mwanangu. Ni bei ya kweli iliyovalishwa koti, kama kanga ya Kariakoo inayotajwa elfu thelathini ili ufurahi kuinunua kumi na tano. Si utapeli, 3,600 inaweza kuwa bei ya haki kabisa. Uliza tu, ni wangapi mwaka huu wamelipa ada kamili? Na hiyo punguzo inaendelea hadi mwaka wa mwisho, au inakufa ukipata C mbili?

"Wakala ametusaidia bure," kaka alisisitiza. Wakala analipwa na chuo, kwa kichwa cha kila mwanafunzi. Chuo kisichotoza ada kitamlipa kwa pesa gani? Ndiyo maana katika folda aliyomletea kijana, yenye vyuo sita, hapakuwa na hata kimoja cha umma. Kwa Tanzania, mawakala wanatakiwa kuwa na kibali cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na mwanafunzi anayekwenda nje anatakiwa apate barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka TCU hiyohiyo. Nilipomtajia wakala hiyo barua kwenye simu, mtandao ukaanza kukatika.

"Ukishaingia cha serikali umefika"

Cha umma cha Ujerumani kinakuachia uhuru ambao sisi hatujauzoea. Hakuna wa kuita majina darasani. Mtihani unajiandikisha mwenyewe mtandaoni kabla ya tarehe, ikikupita, imekupita. Na kule sapu zina mwisho. Kwa kawaida unapewa majaribio matatu ya mtihani mmoja. Ukianguka la tatu umedisko, na si kudisko chuo hicho tu: kozi ileile huwezi kuisoma chuo kingine cha Ujerumani. Somo la takwimu nililifaulu jaribio la pili. Niliyekuwa nakaa naye ukumbini aliingia la tatu akiwa ametoka zamu ya usiku ghalani. Sheria inaruhusu siku 140 za kazi kwa mwaka, naye alikuwa anazitafuna zote kwa sababu nyumbani walishaanza kumtegemea. Wiki mbili baadaye godoro lake lilikuwa limeegemezwa kwenye korido.

Vya binafsi vingi vina madarasa madogo na mtu wa kukufuata ukipotea. Kuna vijana ambao hilo lina thamani ya ada, na mzazi anamjua wake.

"Cha serikali kitatambulika tu nyumbani"

TCU hawaangalii mwenye chuo ni nani. Wanaangalia kama chuo kina ithibati kwao, kama programu ilikidhi muda na sifa za kuingilia, kisha wanakupa utambuzi. Kenya kazi hiyo ni ya CUE, Uganda ni NCHE. Ukisoma udaktari nje, hata kwenye chuo cha umma kinachong'aa, kuna mtihani wa baraza la madaktari kabla ya kuanza mafunzo ya vitendo hospitalini.

Kijana hakulipa zile 1,500. Sasa yuko Goethe-Institut, Dar, anapambana na Kijerumani cha ngazi ya A2 na kunitumia sauti za kulalamikia der, die, das. Amepanga kuomba vyuo vitano. Vinne vinapitia uni-assist, ofisi inayokagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo: euro 75 kwa cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata, jumla 165, nikamwambia baba yake aziweke kando. Jioni hiyo kaka akapiga.

"Vyote vya serikali?"

"Vinne."

Akanyamaza. "Na hicho cha tano ni cha nani?"

"Cha wakfu."

"Haa," akasema, "sasa ungeanza na hiyo."