Je, wajua kwa nini watoto wa Mbeya "huvuta moshi" kwenye picha za mwezi wa sita?

Tuma kwenye grupu la familia picha ya mtoto wa Uyole akirudi kutoka gengeni na mfuko wa maandazi, saa moja na robo asubuhi, mwezi wa sita. Mzula umeshuka hadi kwenye nyusi, vidole vimejificha ndani ya mikono ya sweta, na mdomoni limetoka wingu jeupe. Wajomba wa Dar hawakawii: "Huyo mnamvutisha nini huko?" Mtoto huyohuyo akienda likizo kwao, apumue atakavyo, wingu halitoki. Kwa nini?

Anza na birika la chai likichemka. Pale mdomoni kabisa pana upenyo mdogo ambapo huoni kitu. Weupe unaanza mbele kidogo. Mvuke uko kwenye ule upenyo, na hauonekani kwa macho. Weupe ni mvuke uliokwisha kupoa ukawa vitone vidogo mno vya maji, vinavyoelea hewani.

Pumzi yetu hufuata njia hiyohiyo. Hewa ya mapafuni hutoka ikiwa na joto la nyuzi 34 hivi na imejaa unyevu. Hewa ya joto hubeba maji mengi: kwenye nyuzi 35, mita moja ya ujazo huweza kubeba karibu gramu 40 za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 8, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 8 hivi. Sasa pumzi inapokutana na baridi ya Uyole, maji yaliyozidi hayana pa kukaa ila kugeuka vitone. Vikishasambaa kwenye hewa kavu hukauka, ndiyo maana wingu halidumu.

Dar hewa yenyewe ni ya joto. Pumzi ikichanganyika nayo haipoi kiasi cha kutosha, na ni nadra sana vitone kutokea.

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000. Hesabu hiyo peke yake inatupa pengo la nyuzi 11 kati yetu na watu wa pwani. Ongeza kwamba Juni na Julai jua limehamia kaskazini ya ikweta, na usiku wa kiangazi hauna mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisipotee angani. Ukipanda Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, asubuhi nyingine unakuta majani yameganda. Tukuyu iko chini kidogo kuliko Mbeya, lakini kwa ukungu na mvua zake hewa huwa imeshashiba maji, kwa hiyo pumzi huonekana hata siku isiyo na baridi ya kutisha.

Muulize mtoto afanye jaribio mwenyewe. Apumue "haaa" mdomo ukiwa wazi, kisha apulize "fuuu" kama anayepoza uji. Wingu la kwanza litakuwa nene, la pili hafifu au lisionekane kabisa, kwa sababu pumzi inayopulizwa kwa kasi hujichanganya upesi na hewa nyingi ya nje. Akishakunywa chai ya moto, "haaa" yake ndiyo huwa kali zaidi. (Watoto wakilijua hili, kifungua kinywa hakiishi.)

Kuna jambo la mwanga pia. Vitone hivyo hupeleka sehemu kubwa ya mwanga mbele, kule mwanga ulikokuwa unaelekea. Ukilipa jua mgongo, wingu linafifia na picha inakuwa ya kawaida tu. Mweke mtoto kati yako na jua, nyuma yake pawe na kitu cheusi, ukuta wenye kivuli au miparachichi, na wingu litang'aa. Fanya mapema. Ikifika saa nne jua limeshapasha hewa, masweta yanafungwa kiunoni, na hakuna cha kupiga.

Halafu unaingia jikoni kumpiga picha bibi akigeuza maharage, na picha inatoka nyeupe tupu. Usiilaumu simu. Kioo cha kamera kimetoka nje kikiwa cha baridi, na unyevu wa sufuria umetua juu yake. Ukikifuta kwa ncha ya kanga, kinafunga tena baada ya muda mfupi, mpaka kioo chenyewe kipate joto. Ukiwa nje, simu ikae mfuko wa ndani wa jaketi. Ukiingia nayo ikiwa na joto, haishiki ukungu.