Dunia za Kubuni na Lugha Zake: Dhana Potofu na Ukweli

Kuna watu ambao wakipata saa moja ya mapumziko hawashiki karata wala hawatazami mpira. Wanachora pwani ya bara lisilokuwepo, au wanapanga viambishi vya lugha ambayo hakuna aliyewahi kuizungumza. Uraibu huu umeitangulia intaneti kwa mamia ya miaka, na maneno mengi yasiyo na msingi yameuzunguka. Mengine husemwa na wasioujua. Mengine, nayo ndiyo yenye madhara zaidi, husemwa na wenyewe wanaoufanya.

“Ni mchezo wa watoto”

Hili nimalizane nalo upesi. Ni kweli kwamba mara nyingi huanza utotoni. Mwaka 1826 mzee Brontë wa Uingereza, baba wa familia iliyokuja kutoa waandishi mashuhuri, alimletea mwanawe Branwell askari 12 wa mbao, na kutokana na mchezo wa askari hao Branwell na dada zake wakazaa nchi kadhaa za kubuni, zikiwamo Angria na Gondal, zenye vita, wafalme na historia zake. Lakini mwaka 1845 wawili kati ya dada hao, Emily na Anne, wanawake wazima, walikuwa bado wakisafiri huku wakiigiza wahusika wa Gondal, na Emily akaliandika jambo hilo bila haya yoyote. Austin Tappan Wright, profesa wa sheria wa Marekani, naye aliibeba nchi yake ya Islandia tangu utotoni hadi alipofariki mwaka 1931. Wanafunzi wake walimjua kwa sheria.

“Hadithi kwanza, lugha ni pambo”

Aliye mashuhuri kuliko wote katika uwanja huu alikwenda kinyumenyume. J. R. R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, alianza kuunda Kikwenya, mojawapo ya lugha zake za kubuni, yapata mwaka 1915, akivutiwa na Kifini, na riwaya yake ya kwanza ilitoka 1937. Katikati hapo ni zaidi ya miaka 20 ya kupanga sauti, mizizi na minyambuliko. Yeye mwenyewe alishikilia kwamba hadithi zilikuja ili lugha zipate mahali pa kuishi. Mwaka 1931 alitoa mhadhara kuhusu starehe hii na kuiita uovu wa siri, kwa utani wa mtu anayejua kwamba wasikilizaji wake watamshangaa.

Simaanishi kwamba kila mtu afuate njia hiyo. Wapo wanaoanza na ramani, wapo wanaoanza na dini, wapo wanaoanza na mnyama mmoja wa ajabu wakajiuliza anakula nini. Lango lolote linafaa, mradi ukishaingia uendelee kuuliza linalofuata.

“Chukua lugha yako, badilisha maneno, basi”

Hapa nitakaa, maana dhana hii imeua daftari nyingi. Anayeanza huandika safu ya maneno ya Kiswahili na mbele ya kila moja huweka la kwake. Kisha anachukua “watoto wadogo wamelala” na kupata “bagakimu bagalisi bagazonuma”. Inasikika ngeni kabisa. Sasa ifungue. Kiambishi “baga-” kimekaa palepale pa “wa-”, mara tatu vilevile. “Zo” imekaa penye “me”. Mzizi uko mwishoni. Ni Kiswahili kilichovaa barakoa.

Si kosa la leo. Hildegard wa Bingen, mtawa wa Ujerumani wa karne ya 12, aliacha orodha ya maneno zaidi ya 1,000 ya lugha aliyoiita Lingua Ignota, karibu yote nomino, na katika kipande kifupi kilichobaki maneno yake yamepachikwa ndani ya sarufi inayofuata Kilatini.

Lugha ni rundo la maamuzi, na msamiati ni sehemu ndogo tu ya maamuzi hayo. Je, nomino zigawanywe kwa ngeli? Sisi tunaona ni jambo la kawaida kabisa kwamba mtu “mzuri”, kitu “kizuri” na mahali “pazuri”, ilhali kwa wengi duniani huo ni mpango wa kustaajabisha. Je, kitenzi kionyeshe wakati? Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kufuata nafsi wala njeo, na Wachina wanaelewana vizuri kuhusu jana na kesho. Je, msemaji alazimike kuonyesha habari ameipata wapi? Kituruki kina kiambishi cha mambo yaliyopita ambayo msemaji hakuyashuhudia, ameyasikia tu au ameyatambua baadaye. Hebu fikiria mahakama katika dunia yako ikiwa lugha yake haikuruhusu kutoa ushahidi bila kiambishi hicho.

Halafu kuna historia ya sauti, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wanaoanza hudhani lugha safi ni ile isiyo na vighairi, yaani maneno yasiyofuata kanuni, au huvitupa vighairi ovyo kama chumvi. Kighairi halisi kina sababu. Tazama kwetu: anayepika ni mpishi, anayejenga ni mjenzi, anayefuata ni mfuasi. K imekuwa sh, g imekuwa z, t imekuwa s, zote mbele ya irabu ileile ya mwisho. Hakuna aliyekaa kikao akaamua hivyo.

Unaweza kufanya jambo hilohilo kwa makusudi. Tuseme lugha yako ya kale ina “luk”, yaani mlima, na wingi huongezwa -i: “luki”. Pitisha kanuni mbili. Ya kwanza, k mbele ya i hugeuka ch. Ya pili, irabu ya mwisho hudondoka. “Luki” inakuwa “luchi”, kisha “luch”. Watu wa leo wa dunia yako wana luk mmoja na luch wengi, na watoto wao hukariri tu bila kujua sababu. Sasa pindua mpangilio: irabu idondoke kwanza. K haina tena i ya kuibadilisha, umoja na wingi vyote vinabaki “luk”, na wasemaji watalazimika kubuni njia nyingine ya kusema kwamba milima ni mingi. Kanuni ni zilezile mbili, lakini lugha zimekuwa mbili. Wahamishe nusu ya watu wako ng'ambo ya mto kabla ya kanuni ya pili na tayari una lahaja.

“Kadiri inavyokuwa ya ajabu ndivyo inavyokuwa nzuri”

Ndiyo maana kuna majina yenye apostrofi tatu na konsonanti saba mfululizo, ambayo hata mwenye kuyabuni huyasoma kwa kukohoa. Marc Okrand alipoijenga lugha ya Klingon kwa ajili ya filamu ya Star Trek ya 1984, na kamusi yake ikatoka 1985, alitaka isikike ya viumbe wasio binadamu. Alifanya hivyo kwa kuchagua: akatumia sauti ambazo zote zinapatikana katika lugha za watu, ila hazikai pamoja kwa kawaida, na akaweka yambwa mwanzo wa sentensi, kitenzi kati na kiima mwisho. Mpangilio huo ni adimu sana, lakini Kihixkaryana cha Brazili kinautumia kila siku.

Lugha halisi zimeshatuzidi kwa maajabu. Wasemaji wa Guugu Yimithirr, kaskazini mwa Australia, huelekeza kwa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi badala ya kushoto na kulia, hata kama kinachoelekezwa kiko karibu na mguu wako. Mbunifu akiyaleta hayo peke yake tungesema amezidisha.

“Ni ndoto, kwa hiyo chochote kinakubalika”

Kinakubalika, ndiyo, lakini kila ukiwekacho kinadai. Ramani za wanaoanza hujulikana kwa mto unaotoka bahari moja na kuishia nyingine, ukilikata bara katikati. Maji huteremka. Vijito huungana vikielekea chini, na mto kugawanyika njiani ni nadra, isipokuwa karibu na mwisho wake kwenye delta. Ziwa lenye milango mitatu ya kutokea halidumu, kwa sababu mlango ulio chini zaidi hulika na maji na hatimaye huyachukua yote. Milima inayokabili upepo wa bahari huisukuma hewa juu, hewa inapoa, mvua inanyesha upande ule, na nyuma ya milima panabaki kivuli cha mvua. Weka jangwa lako hapo, na msomaji ataliamini bila hata kujua kwa nini.

Au chukua miezi miwili angani, ambayo wengi huiweka kwa sababu inapendeza kwenye picha. Mwezi huvuta bahari. Katika dunia yetu jua na mwezi vikipangana kwenye mstari mmoja tunapata bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Vikivuta kwa pembe mraba tunapata maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Ongeza mwezi wa pili wenye mzunguko wake na kuna siku ambazo vyote vitatu vitapangana na maji yapande kupita kiasi, na siku nyingine ambazo vitapingana kiasi kwamba kupwa na kujaa vitakuwa hafifu. Nani anajua kuzihesabu siku hizo? Huyo ana nguvu kuliko nahodha yeyote. Kalenda inafuata mwezi upi? Mabaharia wanafuata mmoja na wakulima wa bara mwingine? Kama ni hivyo, kijana wa bara akiahidi kulipa deni “mwezi ujao”, mdai wake wa pwani ameelewa nini? Hadi hapo hujabuni uchawi wowote, na tayari una kesi, una methali mbili tatu, na una maneno mapya ambayo yamejileta yenyewe. Hivi ndivyo dunia na lugha yake hulishana. Kwangu mimi, utamu wote wa kazi hii uko katika kitu kimoja kidogo kilichobuniwa kisha kikafuatiliwa hadi mwisho wake.

Uchawi nao unaruhusiwa. Mto upande mlima ukitaka, lakini basi kuna watu wanaoishi kwa mto huo, kuna anayetoza ushuru juu kileleni, na kuna kijiji cha bonde kinachonung'unika.

“Lazima uwe mwanaisimu”

L. L. Zamenhof, aliyetoa Kiesperanto, lugha ya kubuni ya kuunganisha mataifa, mwaka 1887, alikuwa daktari wa macho. Johann Martin Schleyer wa Volapük, lugha nyingine ya aina hiyo, alikuwa padri. Hata hivyo nisidanganye: Okrand ni mwanaisimu, na Paul Frommer aliyeunda lugha ya Na'vi kwa filamu ya Avatar ya 2009 naye ni mwanaisimu, na kazi zao zinaonyesha. Shahada haihitajiki, kusoma kunahitajika. Kurasa 20 za sarufi ya lugha usiyoijua, hasa ya mbali na yako, zitakusaidia kuliko orodha ya maneno 1,000 uliyoyabuni usiku.

“Kompyuta sasa inafanya yote”

Programu itakupa majina 500 kwa sekunde, na ramani yenye pwani zilizopindapinda vizuri. Itumie ukipenda. Ila majina hayo hayajui kwa nini luk ni luch, na pwani hiyo haina mdai. Anayecheza ngoma kwa raha zake hamtumi mtu mwingine akamchezee.

“Sharti ikamilike kabla ya kuonyeshwa”

Tolkien hakuwahi kumaliza. Hekaya za kale za dunia yake zilichapishwa mwaka 1977, miaka minne baada ya kifo chake, zikiwa zimepangwa na mwanawe, na lugha zake alizibadilisha hadi uzeeni. Riwaya ya Wright ilitoka 1942, miaka 11 baada ya yeye kufariki. Hakuna dunia inayokamilika, hata hii tunayoishi haijapata ensaiklopidia ya kuitosha. Kinachotakiwa ni kwamba pale msomaji atakapogusa pasiporomoke. Huhitaji historia ya miaka 5,000 ili kuandika ugomvi wa sokoni. Unahitaji kujua fedha yao, vipimo vyao, na tusi lisilosamehewa.

Wala si lazima kuionyesha. Anayeimba bafuni haulizwi albamu yake inatoka lini. Kuna waliogeuza starehe hii kuwa kazi, kama David J. Peterson aliyeunda Kidothraki kwa ajili ya tamthilia ya runinga ya Game of Thrones, lakini nafasi hizo ni chache na anayeingia kwa ajili yake atachoka mapema.

“Lugha iliyobuniwa haiwezi kuwa hai”

Volapük ilitolewa na Schleyer kati ya 1879 na 1880, na kwa muongo mmoja ikaenea Ulaya kwa kasi, ikawa na vyama, magazeti na mikutano. Kisha wafuasi wakataka kurekebisha sarufi, na Schleyer akang'ang'ania kwamba neno la mwisho ni lake. Wakagawanyika, na lugha ikaporomoka. Zamenhof alishika njia nyingine. Aliachia haki zake juu ya Kiesperanto, na katika mkutano wa Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, mwaka 1905, ikatamkwa rasmi kwamba lugha hiyo si mali ya mtu. Leo wapo watu waliolelewa nyumbani kwa Kiesperanto tangu kuzaliwa, na makosa ya watoto wao, vifupisho vyao na mizaha yao ni vya wasemaji wa lugha yoyote ile.

Mfano wa karibu zaidi ni Toki Pona ya Sonja Lang, iliyotoka 2001 ikiwa na maneno yapatayo 120 tu. Mwaka 2022 ilipewa alama yake katika orodha ya kimataifa ya lugha, ISO 639-3. Kitabu cha kwanza cha Lang, cha mwaka 2014, kilieleza lugha jinsi yeye anavyoitumia. Kamusi iliyofuata mwaka 2021 aliiandaa kwa njia nyingine: aliwauliza wasemaji wao wanasemaje, akaandika walivyojibu.