Redio za wahafidhina Marekani: uhuru ulitoka wapi, na nani anauchezea sasa

Kila mwaka nikifundisha sheria ya utangazaji huwasikilizisha wanafunzi saa moja ya kipindi cha redio cha wahafidhina wa Marekani, na kila mwaka mkono hunyooshwa kabla saa haijaisha: "Mwalimu, huyu hafungiwi?" Swali la haki kabisa. Wamekulia mahali ambapo barua moja ya mamlaka ya mawasiliano inatosha kukizima kituo. Hapa wanamsikia mtu akisema majaji wamejigeuza wanasiasa na chama pinzani kinaiuza nchi, anakatiza kidogo kutangaza sarafu za dhahabu na mito ya kulalia, halafu anaendelea pale pale alipoachia. Onyo hakuna, faini hakuna.

Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni kwamba kulikuwa na kanuni ya kuwabana, serikali ya Reagan ikaifuta mwaka 1987, na mlango ukabaki wazi. Kuna ukweli ndani yake. Lakini ukiishia hapo hutaelewa vita vinavyoendelea Washington hivi sasa juu ya leseni.

Tuanze na kanuni yenyewe. Mwaka 1949 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliweka kile nitakachokiita hapa Kanuni ya Uwiano. Mwenye leseni ya redio au televisheni alitakiwa azungumzie masuala mazito yenye ubishi, na akishayazungumzia aupe nafasi upande wa pili. Juu ya hapo, mtu akishambuliwa jina lake hewani, apewe taarifa na muda wa kujibu.

Kesi iliyoipa nguvu ilitoka kwenye kituo kidogo, WGCB, katika mji wa Red Lion, Pennsylvania. Novemba 1964 mhubiri wa mrengo wa kulia, Billy James Hargis, alitumia kipindi chake cha dakika 15 kumshambulia mwandishi Fred Cook, aliyekuwa ameandika kitabu cha kumpinga mgombea urais Barry Goldwater. Cook akaomba muda wa kujibu. Kituo kikamtumia orodha ya bei za matangazo. FCC ikasema apewe bure, kituo kikakata rufaa, shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 9 Juni 1969 majaji wanane kwa sifuri waliipa FCC ushindi. Jaji Byron White aliandika kwamba masafa ni haba, si kila mtu anaweza kupata lake, kwa hiyo haki ya msikilizaji inatangulia haki ya mwenye kituo.

Siku hiyo hiyo, narudia, siku hiyo hiyo, mahakama ile ile ilitoa hukumu ya Brandenburg dhidi ya Ohio. Kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la ubaguzi wa rangi, alikuwa amehukumiwa kwa hotuba yake. Hukumu ile ikafutwa. Maneno ya mtu, walisema majaji, hayaadhibiwi mpaka yawe yamelenga kuchochea uvunjaji wa sheria papo hapo na yawe na uwezekano wa kuuleta. Huwezi kupata picha kamili zaidi ya sheria ya Marekani kuliko siku hiyo: anayesimama jukwaani analindwa karibu na kila kitu, lakini aliyepewa masafa na serikali ana deni kwa umma. Kwa wasomaji wa huku kwetu, kipimo cha Brandenburg kilifika hadi Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mawakili wa utetezi katika kesi ya vyombo vya habari vya Rwanda, iliyoihusu redio RTLM, walitaka majaji waitazame sheria ya Marekani. Katika hukumu ya Desemba 2003 majaji walisema kipimo chao ni sheria ya kimataifa, si ya nchi moja.

Sasa turudi 1987. Bunge la Marekani lilipitisha muswada wa kuiweka Kanuni ya Uwiano ndani ya sheria, Reagan akaukataa mwezi Juni, na tarehe 4 Agosti FCC ikaacha kuisimamia. Mwaka mmoja baadaye, 1 Agosti 1988, mtangazaji mhafidhina Rush Limbaugh alianza kusikika nchi nzima kutoka New York, akiwa na vituo 56. Ukiziweka tarehe hizo mbili sambamba, hadithi inajiandika yenyewe.

Tatizo ni kwamba Limbaugh alikuwa hewani tangu 1984, pale KFBK, Sacramento, akisema yale yale, kanuni ikiwa bado hai. Kanuni haikudai kila kipindi kiwe na mizani. Ilipima ratiba nzima ya kituo. Kilichombadilisha kutoka mtangazaji wa mji mmoja hadi nguvu ya taifa kilikuwa zaidi biashara. Muziki ulikuwa umehamia FM, kwenye sauti safi. Wenye vituo vya AM walibaki na mitambo, minara na bili za umeme, bila cha kurusha. Akaja Ed McLaughlin, mtu wa redio tangu zamani, na mpango mtamu: chukua kipindi cha Limbaugh kwa setilaiti, kuanzia adhuhuri kwa saa za New York, vituo vingi wala havilipi fedha taslimu, tupeni tu sehemu ya dakika za matangazo tuziuze sisi kitaifa. Muda ule wa mchana ulihesabiwa kuwa mfu. Kituo cha mji mdogo kilichokuwa kinamlipa mtangazaji mshahara kilipata saa kadhaa za bure, na za mtu anayechekesha. Hili la kuchekesha wasomi husahau kulisema. Wengi waliomwiga walikuwa na hasira yake bila utani wake.

Na kama ningelazimishwa kuchagua sheria moja iliyoijenga redio hii, nisingechagua 1987. Ningechagua Sheria ya Mawasiliano ya 1996. Kabla yake kampuni moja haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya vituo 40 nchi nzima, 20 vya AM na 20 vya FM. Kikomo hicho kikaondolewa, na kwa muda mfupi Clear Channel, ambayo leo ni iHeartMedia, ikawa na vituo takribani 1,200. Uamuzi uliokuwa unafanywa na mameneja wengi wa miji mbalimbali ukaanza kufanywa kwenye meza moja. Bill Clinton ndiye aliyeisaini.

Ukitaka kuona kipindi kinavyofanya kazi, sikiliza saa moja kwa saa ya mkononi. Taarifa ya habari, muziki wa kufungulia, kisha mtangazaji peke yake, bila mgeni, kwa dakika nyingi. Anachukua jambo moja la asubuhi hiyo na kulisomea sauti: aya ya hukumu, kipande cha gazeti, maneno ya seneta. Anasoma sentensi, anasimama, anafafanua, anarudia neno alilolichukia. Simu zinakuja baadaye, na kabla msikilizaji hajasikika kuna mtu nyuma ya kioo aliyemuuliza jina, mji na anachotaka kusema. Limbaugh mwenyewe hakuficha kwamba kazi ya mpigaji simu ni kumpendezesha mtangazaji. Mtu asiye na la maana hukwama kwenye laini mpaka achoke.

Kwa mtindo huo, sheria imekuwa mtaji mkubwa wa vipindi hivi. Mtangazaji Mark Levin aliwahi kuwa mkuu wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu Edwin Meese enzi za Reagan. Mwenzake Hugh Hewitt amefundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chapman. Dereva wa lori anayewasikiliza huko Ohio anajua maana ya kusoma katiba kwa maana yake ya awali kuliko wanafunzi wangu wengi wa mwaka wa kwanza, na nasema hivyo bila kejeli. Mwaka 2005 George W. Bush alipomteua Harriet Miers kuingia Mahakama ya Juu, watangazaji hawa hawa, wafuasi wa Bush, walimkataa kwamba hana rekodi ya falsafa hiyo. Aliteuliwa tarehe 3 Oktoba. Tarehe 27 akajitoa, na nafasi ikaenda kwa Samuel Alito. Mwaka 2007 ikaja zamu ya muswada wa uhamiaji uliokuwa unaungwa mkono na Bush huyo huyo. Watangazaji waliwahimiza wasikilizaji wapige simu Seneti, na mitambo ya simu ikazidiwa. Seneta Trent Lott, Mrepublican, alilalamika kwamba redio ya mazungumzo ndiyo inayoiendesha Marekani na lazima tatizo hilo lishughulikiwe. Tarehe 28 Juni muswada ulipata kura 46 kati ya 60 zilizohitajika ili usonge mbele. Ukafa.

Mafunzo hayo ya sheria yana upande wake, lakini. Mwaka 2025 mada iliyotawala ilikuwa majaji wa wilaya wanaotoa zuio la nchi nzima dhidi ya amri za Trump. Tarehe 27 Juni mwaka huo, katika kesi ya CASA, Mahakama ya Juu ilisema kwa kura 6 kwa 3 kwamba majaji hao huenda hawana mamlaka ya kutoa zuio linalovuka wadai walio mbele yao. Hoja ina uzito na naiona ya kisheria kweli. Ila Februari 2015 jaji mmoja wa Brownsville, Texas, alipousimamisha nchi nzima mpango wa uhamiaji wa Obama, mrengo huo huo ulimwona shujaa.

Kwa hiyo nani anawarudi watu hawa? Wadhamini, wenye vituo na mahakama ya madai. Mwaka 2012 Limbaugh alimtukana mwanafunzi wa sheria wa Georgetown aliyekuwa amezungumzia bima na uzazi wa mpango. Wadhamini wakaanza kukimbia, akaomba radhi. Januari 2021 kampuni ya vituo vya redio ya Cumulus iliwaandikia watangazaji wake waache kudai uchaguzi umeibwa, la sivyo kazi hakuna. Na mtangazaji Alex Jones, aliyesema mauaji ya watoto wa shule ya Sandy Hook yaliigizwa, mwaka 2022 alihukumiwa Connecticut pekee kulipa zaidi ya dola bilioni 1.4. FCC haikuwa na mkono katika lolote kati ya hayo.

Ndipo tunafika kwa Brendan Carr. Tangu Januari 2025 ndiye mwenyekiti wa FCC, na ameufufua msamiati wa "maslahi ya umma" ambao wahafidhina walikuwa wameuzika. Februari 2025 alianzisha uchunguzi dhidi ya KCBS, redio ya San Francisco, kwa kutangaza walipo maofisa wa uhamiaji mjini San Jose. Septemba, siku chache baada ya kuuawa kwa mwanaharakati mhafidhina Charlie Kirk, ambaye naye alikuwa na kipindi cha redio, Carr aliitishia televisheni ya ABC kuhusu maneno ya mchekeshaji wake wa usiku, Jimmy Kimmel. Kipindi kikasimamishwa tarehe 17 na kurudi tarehe 23. Seneta Ted Cruz, ambaye hakuna anayeweza kumwita mliberali, alisema lugha ile ni ya majambazi, akaonya kwamba Wademokrati wakirudi madarakani silaha hiyo itawageukia wahafidhina.

Cruz yuko sahihi, na sababu ni ya kisheria. Hukumu ya Red Lion haijawahi kutenguliwa. Kanuni ilifutwa, mamlaka yaliyoizaa yapo. Jaji Clarence Thomas, mhafidhina kuliko wote pale, aliandika mwaka 2009 kwamba msingi wake unapaswa kuangaliwa upya. Mwaka 2007 Mike Pence, wakati huo mbunge, aliyeingia siasa akitokea kwenye kipindi chake cha redio Indiana, alipendekeza FCC izuiwe kutumia hata senti moja kuirudisha Kanuni ya Uwiano, na Baraza la Wawakilishi likamuunga mkono kwa kura 309 kwa 115. Mrengo uliojengwa juu ya woga huo sasa una mtu wake ameshika rungu lile lile, na vipindi vingi vinashangilia.

Wengine wameanza kuhamishia mguu mmoja kwenye podikasti, ambako FCC haina la kusema. Lakini fedha na mazoea bado viko kwenye AM, ndani ya gari. Ndiyo maana Cruz na Ed Markey, Mdemokrati wa Massachusetts, wanasukuma pamoja muswada wa kuwalazimisha watengenezaji waweke redio ya AM kwenye kila gari jipya, baada ya baadhi ya kampuni kuiondoa kwenye magari ya umeme kwa kuwa mota zake huleta kelele katika masafa hayo.

Mimi jicho langu liko kwenye kifungu cha 315 cha sheria ya 1934. Kinasema kituo kikimpa mgombea muda, wapinzani wake wana haki ya muda sawa, isipokuwa kwenye habari halisi na mahojiano ya habari. Kwa miaka mingi vipindi vya mazungumzo vimeishi chini ya msamaha huo. Januari 2026 FCC iliviambia vituo vya televisheni kwamba vipindi vya mazungumzo vya usiku na mchana visijihesabie msamaha huo moja kwa moja. Tangazo lililenga televisheni. Kifungu chenyewe kinataja kituo cha utangazaji, bila kutenganisha picha na sauti, na msimu wa uchaguzi wagombea wa Republican hukaa na watangazaji hawa karibu kila siku. Msamaha huo ukiondoka, Mdemokrati yeyote ambaye mpinzani wake amepewa nusu saa ya AM ana siku 7 za kuandika barua kituoni kudai yake.