Orodha ya washukiwa wa Jack the Ripper haikuandikwa 1888

Wengi huamini kwamba polisi wa London walipomsaka Jack the Ripper, muuaji wa mtaa wa Whitechapel, mwaka 1888, walikuwa na washukiwa watatu mezani: Druitt, Kosminski na Ostrog. Si kweli. Majina hayo yanatoka katika waraka wa 1894 wa Melville Macnaghten, afisa wa polisi wa London, naye aliingia polisi mwaka 1889, mauaji yakiwa yamekwisha kutokea. Tena waraka una makosa ya ajabu: Druitt anaitwa daktari wa miaka 41, ilhali alikuwa mwalimu na wakili wa miaka 31. Ostrog? Wakati wa mauaji alikuwa gerezani Ufaransa!

Mwaka 1888 wenyewe, jina lililovuma ni "Aproni ya Ngozi". Gazeti la Star lilimpamba mtu huyo kama jinamizi la mitaani, likasisitiza kuwa ni Myahudi. Annie Chapman, mmoja wa wanawake waliouawa, alipokufa Septemba 8, kwenye ua alimouawa ilikutwa aproni ya ngozi iliyolowa, karibu na bomba. Kumbe ni ya mtoto wa mpangaji. Mama yake aliifua tu. Lakini moto ulishawaka. Septemba 10 akakamatwa John Pizer, fundi viatu, akidhaniwa ndiye Aproni ya Ngozi. Usiku wa mauaji ya Mary Ann Nichols, aliyeuawa kabla ya Chapman, Pizer alikuwa mbali akitazama mwanga wa moto wa bandarini na kuzungumza na askari. Polisi walithibitisha hilo wakamwachia, naye akaitwa kwenye uchunguzi wa kifo cha Chapman ajisafishe hadharani.