Nguvu za kiume na uwezo wa kuzaa ni mambo mawili

Kosa la kudhani kwamba mwenye nguvu za kiume lazima awe na uwezo wa kuzaa nimelisikia redioni, nimelisikia barazani Mji wa Kale, Mombasa, na juzi nikalisikia tena kwenye matatu ya Kisauni, likisemwa na mtu mzima mwenye heshima zake. Yalikuwa mazungumzo ya jamaa waliooana miaka mitatu na hawajajaaliwa mtoto. Mama mmoja akauliza, "Na bwana naye alipimwa?" Akajibiwa, "Bwana hana neno, mama. Nguvu anazo." Hakuna aliyepinga. Lawama yote ikabaki kwa mke.

Nguvu za kiume ni uwezo wa uume kusimama na kudumu umesimama kiasi cha kutosheleza tendo la ndoa. Uwezo wa kuzaa ni korodani kutengeneza mbegu hai, nyingi za kutosha, zenye mwendo, na njia ya kuzitoa iwe haikuziba. Hamu ya tendo ni jambo la tatu, kumaliza mapema ni la nne, na mshipa, yaani lile busha la korodani kujaa maji ambalo sisi wa Pwani tunalijua sana kwa sababu ya ugonjwa wa matende unaoenezwa na mbu, ni la tano. Yote matano huitwa "nguvu". Nitayashughulikia mawili ya mwanzo tu, maana hayo ndiyo yanayovunja nyumba za watu.

Linalowapoteza wengi ni manii. Mwanamume akiyaona yanatoka, tena mengi na mazito, huamini kwamba mbegu zimo. Lakini manii karibu yote ni maji yanayotoka kwenye vifuko vilivyo nyuma ya kibofu na kwenye tezi dume. Mbegu zenyewe, zile za kutoka kwenye korodani, ni kama asilimia 5 tu ya ujazo huo au chini yake, na jicho haliwezi kuziona. Aliyeueleza ulimwengu habari zake kwa mara ya kwanza ni Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, mwaka 1677, kwa hadubini aliyoiunda kwa mkono wake. Kabla ya hapo watu walizaana karne baada ya karne na hakuna aliyewahi kuona kilichomo ndani ya tone lile. Basi anayesema "yangu mazito, mimi sina shida" anasema asilolijua. Takriban mwanamume 1 katika kila 100 hana mbegu hata moja kwenye manii yake, na wengi wao hawaoni dalili yoyote. Hamu wanayo, uume unasimama, manii yanatoka kama ya mwingine yeyote. Jahazi limeingia bandarini tanga limetwekwa vizuri, na shehena hamna.

Kusimama kwa uume ni kazi ya damu. Ashiki ikiamka, neva hutoa gesi iitwayo nitriki oksidi, mishipa hulegea, damu hujaa na kubanwa isirudi. Chochote kinachoharibu mishipa ya damu au neva huiharibu kazi hiyo: kisukari, presha, sigara, mafuta yanayoganda ndani ya mishipa. Umri nao umo. Utafiti uliofanywa Massachusetts na kuchapishwa mwaka 1994 uliwahoji wanaume wa miaka 40 hadi 70, na asilimia 52 walikuwa na upungufu wa kiasi fulani, mdogo au mkubwa. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo inapoanza kuziba, dalili hutangulia huko chini. Mzee anayeficha shida hii kwa sababu ya haya huenda anaficha ugonjwa wa moyo ulio njiani, na ndiyo maana naomba sana aende akapimwe sukari na presha kabla ya kununua kidonge.

Kidonge chenyewe kina historia yake. Sildenafili, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra, ilianzia maabara ya Pfizer mjini Sandwich, Uingereza, ikitafutiwa kazi ya kutuliza maumivu ya kifua ya wagonjwa wa moyo. Waliojitolea kuijaribu ndio walioleta habari ya jambo jingine kabisa, na Marekani ikaiidhinisha Machi 1998. Inachofanya ni kukizuia kimeng'enya kinachoukatiza ule ulegevu wa mishipa. Mbegu haizigusi. Na mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti asiiguse, maana presha yaweza kushuka ghafla ikamuua.

Mbegu zina mwendo wake. Korodani huchukua takriban miezi miwili na nusu kuitengeneza mbegu tangu mwanzo hadi ikomae, kwa hiyo homa kali ya Mei yaweza kuonekana kwenye kipimo cha Julai. Zimewekwa nje ya mwili kwa sababu kazi hiyo yataka joto la chini kidogo kuliko la tumboni. Sababu za mbegu kuwa chache au kukosekana ni nyingine kabisa. Kuna mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, ambayo hupatikana kwa wanaume kama 15 katika kila 100, na kwa wale wasiopata mtoto hufika 35 au zaidi. Kuna korodani ambazo hazikushuka utotoni, matubwitubwi yaliyompata mtu baada ya kubaleghe, kisonono kilichoachwa bila tiba hadi kikaziba mirija, na kasoro za kuzaliwa nazo. Isome orodha hiyo tena uone kama kuna chochote kinachomzuia mtu kusimamisha. Kwa kawaida hakuna. Na ile orodha ya kwanza, ya kisukari na presha na sigara, mwenye nayo aweza kuwa baba wa watoto wanane na mbegu zake bado ni nzima.

Watafiti nao wamezifuata njia mbili. Mwaka 1992 zilionekana wazi. Mwezi Desemba mwaka huo, mjini Bethesda, kongamano lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipendekeza kwamba jina la zamani la upungufu wa nguvu, "impotence" kwa Kiingereza, lililobeba dharau na kuchanganya mambo mengi, liachwe, na badala yake itajwe ile hali hasa: uume kushindwa kusimama au kudumu. Mwaka huo huo, Brussels, Gianpiero Palermo na wenzake walitangaza mimba zilizopatikana kwa kuidunga mbegu moja ndani ya yai moja kwa sindano nyembamba mno. Wanaume ambao hadi siku hiyo waliambiwa hawana tumaini wakaanza kupata watoto wa damu yao. Tiba hiyo haiulizi kama uume unasimama. Huitaka mbegu moja iliyo hai, na hata kama haimo kwenye manii, mara nyingine daktari huitafuta ndani ya korodani yenyewe. Kwa upande wa pili, vidonge na sindano za kusimamisha haviulizi habari ya mbegu.

Lakini linaloniudhi hasa ni kwamba sisi hatukuhitaji kungoja Bethesda wala Brussels. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea Pwani yetu, waliyatenga mambo haya karne nyingi nyuma, bila hadubini wala maabara. Mume asiyeweza kumwingilia mkewe ana mlango wake katika fiqhi. Mke akishtaki, kadhi humpa mume muhula wa mwaka mzima, hukumu inayonasibishwa na Sayyidna Umar, khalifa wa pili. Sababu waliyoieleza ni kwamba misimu yote minne impitie, kwani huenda ugonjwa wake umeletwa na baridi au joto na utaondoka msimu ukigeuka. Mwaka ukiisha na hali ni ile ile, mke ana haki ya kuomba ndoa ivunjwe. Utasa wa mume hauingii hapo. Mwanamume asiyezaa lakini anayeweza kumwingilia mkewe hapewi muhula wowote, kwa sababu hilo halikuhesabiwa katika zile kasoro zinazovunja ndoa. Ndugu zangu waliosoma vyuoni wamelipitia somo hilo. Basi kwa nini tukikaa barazani na kikombe cha kahawa tunayarudisha yote kuwa kitu kimoja?

Madhara yake si ya maneno tu. Chukua mwanamume ambaye hajapata mtoto na ameambiwa na rafiki zake kwamba ni upungufu wa nguvu. Anatafuta homoni ya kiume na anachomwa sindano za testosteroni. Anajisikia vizuri, misuli inajaa, hamu inapanda, na anaamini anakaribia kupata mtoto. Kumbe anazidi kumkimbia. Tezi iliyo chini ya ubongo ikikuta testosteroni imejaa kwenye damu huacha kuzituma amri zake kwenye korodani, na korodani bila amri huacha kutengeneza mbegu. Shirika la Afya Duniani liliwahi hata kuijaribu njia hii kama uzazi wa mpango. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalihusu wanaume wa nchi 7 waliochomwa testosteroni kila wiki, na wengi wao walifikia kutokuwa na mbegu hata moja. Mtu akiacha sindano mbegu hurudi kwa kawaida, lakini huchukua miezi mingi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Mke wake naye umri haumngoji.

Mabango ya dawa yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima yana sehemu yake katika mkanganyiko huu, maana huahidi nguvu, uzazi, ngiri na mshipa kwa chupa moja. Supu ya pweza ni chakula kizuri na sina ugomvi nayo, na mkuyati watu wameutafuna tangu zamani. Ninalolionya ni ile dawa ya unga inayofanya kazi kwa nusu saa na kuitwa ya mitishamba. Wakaguzi wa dawa wa Marekani wamezipima dawa za aina hiyo mara nyingi na kukuta ndani yake sildenafili iliyofichwa, bila kuandikwa kipimo. Mwenye ugonjwa wa moyo akiinywa hajui anachokinywa.

Na kuna hofu ya upande wa pili, ya wanaume wanaokataa kufunga uzazi kwa kuamini kwamba watapoteza nguvu. Mirija inayokatwa hupitisha mbegu tu. Haihusiani na damu inayosimamisha uume, na manii yataendelea kutoka kwa kiasi kile kile ambacho mtu amekizoea.

Kwa hiyo anayesema "bwana hana neno, nguvu anazo" amejibu swali ambalo hakuulizwa. Ikiwa jamaa wamekaa miezi 12 wakikutana kama kawaida, bila kinga, na mimba haijapatikana, hapo ndipo Shirika la Afya Duniani linaposema kuna tatizo la uzazi, na wote wawili wapimwe kwa pamoja, si mke kwanza na mume baada ya miaka. Takriban nusu ya kesi hizo zina mkono wa mume, peke yake au pamoja na mkewe. Kipimo chake hakina kukatwa wala kudungwa: ajizuie siku 2 hadi 7, atoe manii kwenye chombo safi cha maabara, na kama ametoa nyumbani basi yafike kabla ya saa moja kupita, yakiwa yamewekwa karibu na mwili yasipoe. Majibu yakitoka mabaya asivunjike moyo kwa karatasi moja. Kirudiwe baada ya wiki kadhaa, maana idadi ya mbegu za mtu yule yule hupanda na kushuka sana.