Kandidi si pozi la kutazama mnazi

“Haya, sasa tunapiga kandidi!” Mpiga picha akapiga makofi mawili. “Bibi harusi, usiniangalie mimi. Tazama kule kwenye mnazi, halafu cheka kama mtu aliyeambiwa kitu.”

Bibi harusi, binti wa shangazi yangu, akautazama mnazi akacheka. Mnazi haukuwa umemwambia kitu. Alicheka mara nne, kwa sababu mara ya tatu upepo wa Tanga uliichukua shela ikamziba mdomo.

Nimeshalisikia neno hilo likitumika hivyo kwenye send-off, kwenye mahafali, hata kwenye matangazo ya studio: “pozi kumi, kandidi tano.” Nimevumilia. Kwa mnazi nimeshindwa.

Picha ya kandidi ni picha ya mtu anayeendelea na jambo lake bila kujipanga kwa ajili ya kamera. Basi, maana ni hiyo. Kutazama pembeni si sharti, wala kucheka. Mtu anaweza kuwa anaitazama lenzi moja kwa moja na picha ikabaki kandidi, ikiwa amegeuka tu na kamera ikamkuta. Na mtu anaweza kutazama mnazi mpaka jua lizame, asiambulie kandidi hata moja.

Neno lenyewe lina safari ndefu. Kilatini kilikuwa na weupe wa aina mbili: *albus* ni weupe uliofifia, na *candidus* ni weupe unaong’aa. Mtu aliyegombea cheo kule Roma alivaa toga iliyopakwa chaki ili ing’ae, akaitwa *candidatus*, na ndiko Waingereza walikotoa neno lao la mgombea. (Kama wagombea hao walikuwa weupe hadi moyoni, ni habari nyingine.) Kutoka weupe wa nguo neno likahamia kwenye usafi wa nia, kisha kwenye kusema kweli bila kuficha. Kiswahili kimepita njia hiyohiyo bila kuongozwa na Mrumi yeyote: kutoka *-eupe* tuna *peupe* na *kweupe*, na aliyeliweka jambo lake peupe hakubakiza kitu uvunguni. Kwa hiyo ukitaka kuielewa kandidi, anza na peupe. Aliye peupe ni yule anayepigwa picha.

Neno lilishikana na kamera mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, na jina linalotajwa kwanza ni la Erich Salomon, mwanasheria wa Berlin aliyegeuka mpiga picha. Kamera yake ya Ermanox ilikuwa na lenzi yenye tundu pana kiasi cha kupiga ndani ya nyumba kwa mwanga wa taa za kawaida, wakati wenzake walikuwa bado wanawasha unga wa magnesi uliolipuka na kujaza chumba moshi. Lakini ilitumia vioo badala ya filamu, kimoja kwa kila picha, na hata kwa lenzi ile mara nyingi shata, yaani kile kilango kinachoingiza mwanga, ililazimika kukaa wazi muda wa kutosha kuharibu picha mtu akitikisika. Salomon akajifunza kusubiri ile nukta ambayo wazungumzaji hutulia, mmoja amemaliza na mwingine hajaanza. Mwaka 1928 alipiga picha mahakamani kamera ikiwa imefichwa ndani ya kofia. Aristide Briand, mwanasiasa wa Ufaransa, alimpachika jina la mfalme wa wasio na staha, na mwaka 1931 mjini Paris Salomon alimpiga Briand huyohuyo akiwa amemnyooshea kidole baada ya kumgundua. Mawaziri wazima wanageuka, kidole kinaielekea kamera, na bado picha ni kandidi. Mwenye kudhani kandidi ni kutotazama kamera aanze kwa kuitafuta hiyo. Salomon mwenyewe alikuwa Myahudi, na Wanazi walimuua Auschwitz mwaka 1944.

Tafsiri zetu nazo zina lawama yake. Wengi husema “picha ya kushtukiza.” Neno hilo linaniudhi karibu sawa na mnazi. Sote tunaijua ziara ya kushtukiza: mkubwa anateremka garini, daktari anavaa koti akikimbia, karani anaficha chupa ya chai, watu wote wanasimama wima macho yamewatoka. (Na ajabu ni kwamba kamera za televisheni huwa zimeshafika.) Ukimshtukiza mtu unapata picha ya mtu aliyeshtuka. Ukimwasha flashi usoni akiwa anatafuna, hiyo nayo si kandidi, ni ajali. Picha ninayoizungumzia haimshtui mtu yeyote, mwenyewe huwa hajui mpaka siku aioneshwe, aseme, “Kumbe mimi hukaa hivi?”

Wengine husema “kuvizia.” Hilo lina uadui ndani yake, kwani anayeviziwa huwa anatafutiwa ubaya, na picha za aina hiyo zipo, za madirishani na za nyuma ya nguzo, nazo zina jina lake lisilohusiana na sanaa. Mimi ningechagua kuotea. Paka huotea panya, mwindaji huotea paa kwenye maji: unakaa mahali, unajua kitu kitapita, hujui dakika. Wapenzi wa mpira watanikumbusha kwamba kuotea ni kuwatangulia mabeki. Sawa, na mpiga picha anayebonyeza mapema naye anastahili kupepewa kibendera.

Wafaransa wana msemo ulio karibu zaidi na mitaa yetu kuliko wanavyodhani. Kitabu cha mpiga picha wao Henri Cartier-Bresson cha mwaka 1952 kinaitwa *Images à la sauvette*. Toleo la Kiingereza lilipewa jina zito kuhusu nukta ya kuamua, na wanafunzi wa picha duniani kote wamekuwa wakiihubiri nukta hiyo tangu hapo. Lakini *à la sauvette* husemwa juu ya mtu anayeuza barabarani bila kibali, bidhaa kwenye kitambaa, jicho moja kwa mteja na jicho moja kwa askari. Huyo ni machinga! Kamata vitu vyako uondoke kabla mgambo hajafika. Mtu wa Kariakoo hahitaji falsafa kuelewa kitabu hicho kinazungumzia mwendo gani.

Picha iliyomsukuma Cartier-Bresson kushika kamera, kwa maneno yake mwenyewe, ni ya Martin Munkácsi, mpiga picha wa Hungaria: wavulana watatu weusi, migongo kwetu, wakikimbilia mawimbi. Imezoeleka kuitwa ya Ziwa Tanganyika, na sisi tumeifurahia kama yetu. Ila wapo watafiti wanaosema ilipigwa Liberia, na povu lile la mawimbi kweli lina sura ya bahari kuliko la Kigoma.

Nirudi harusini, maana kazi ya picha haiishii kwenye kubonyeza. Nyuma kabisa, chini ya turubai, alikuwepo bibi yetu, amekaa mkekani na chai yake. Bibi hanywi kwenye kikombe. Huimimina chai kwenye kisosi, hupuliza mara tatu, na ile ya tatu huipuliza amefumba macho. Hilo nalijua tangu utotoni, kwa hiyo sikuwa na haja ya kumwambia kitu. Nikaweka shata 1/250 ya sekunde ili mawimbi madogo ya chai yasifutike, fokasi nikaikaza kwenye ukingo wa kisosi, nikakaa. Alipuliza ya kwanza. Akaitwa na mtu, akajibu, akaanza kuhesabu upya. Kwenye ya tatu nikabonyeza mara moja. Mkono wa mtoto uliokuwa unafuata andazi ukaingia pembeni kushoto.

Turubai lilikuwa la bluu. Anayejua shughuli zetu anajua maana yake: kila aliye chini yake anatoka na rangi ya mtu aliyetolewa majini. Hapo ndipo neno la pili linalotumika ovyo linapoingia, nalo ni kusafisha.

Binamu yangu alipoiona picha kwenye simu alisema, “Ni nzuri, ila isafishe kwanza. Mtoe makunyanzi bibi, na huo mkono ufute.”

Kusafisha picha si hivyo. Neno tulilitoa chumba cha giza, na kule lilikuwa kweli tupu. Filamu huingia kwenye dawa ya kwanza, na chembe za fedha zilizoguswa na mwanga hugeuka nyeusi. Kisha huingia kwenye dawa ya pili, ile tuliyoiita “haipo” (kwa Kiingereza *hypo*), ambayo John Herschel alishagundua mwaka 1819 kwamba huyeyusha chumvi za fedha. Dawa hiyo huondoa fedha yote ambayo mwanga haukuigusa, maana ikibaki picha itaendelea kuwa nyeusi kila ikitolewa nje. Halafu maji, maji mengi, mpaka dawa yenyewe itoke. Kinachosafishwa ni kile ambacho mwanga haukukiandika. Uso haukuguswa na mtu. Baadaye studio zikaanza kuandika “tunasafisha picha” zikimaanisha kuchapa, na hilo halina madhara. Madhara yamekuja na simu, ambazo nyingi hulainisha ngozi zenyewe kabla hata hujaomba, mtu akadhani kusafisha ni kumwondoa mwenye picha kwenye picha yake.

Nilichofanya ni kurekebisha weupe. Nilichagua kanga ya bibi, sehemu ambayo najua ni nyeupe, nikaiambia programu ianzie hapo, bluu ikaondoka na ngozi ya bibi ikarudi kuwa ya bibi. Nikainua kivuli kidogo upande wa shavu. Sikukata ukingo. Cartier-Bresson alikuwa mkali kuhusu kukata, ingawa picha yake maarufu ya mwaka 1932, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, ilikatwa kwa sababu ubao wa uzio uliziba sehemu ya lenzi. Kwa hiyo kukata si haramu. Ila mkono wa mtoto ulikuwepo, na andazi lilikuwepo. Makunyanzi ndiyo kabisa. Nikampelekea bibi aione kabla ya mtu mwingine yeyote. Akaniuliza tu kwa nini sikumwita mtoto akae vizuri.

Jioni, watu wakisubiri gari, yule mpiga picha alinionesha kazi yake kwenye kioo cha kamera. Kijana ana mkono mzuri. Tulipita kwenye minazi, kicheko cha kwanza hadi cha nne, tukarudi nyuma zaidi, na hapo akaharakisha kidole. Nikamwomba arudi. Bibi harusi ameinama, anamfunga mama yake kilemba upya, pini iko mdomoni mwake, mama amefumba macho kama mtoto anayesukwa.

“Hiyo si picha, anti,” akasema. “Hiyo nilikuwa najaribia mwanga.”

“Za mnazi ziite pozi la pembeni, mwanangu, wateja watazipenda hivyohivyo,” nikamwambia. “Kandidi yako ni hii. Usiifute.”