Nani analipia kitambaa? Hesabu za maonyesho ya mavazi ya chuo

Tiketi za maonyesho ya mavazi hazimsomeshi mtu. Nafundisha ukataji wa pateni, yaani vielelezo vya karatasi vya kukatia nguo, katika idara ya mitindo ya chuo kikuu kimoja hapa Marekani, na kila mwezi wa nne tunaandaa maonyesho ya kuchangisha fedha za ufadhili wa masomo. Picha zikishasambaa, ndugu zangu wa Tanga na Mombasa huanza kunitumia ujumbe: ukumbi umefurika hivi, mwaka huu mtasomesha watoto wangapi? Jibu langu huwavunja moyo, kwa hiyo leo acha nilieleze kwa kirefu.

Tuseme ukumbi una viti 400 na kiingilio ni dola 50. Ukijaa, mmepata dola 20,000. Sasa ondoa taa, mitambo ya sauti, mafundi wa jukwaa, viti vya kukodi, walinzi, bima, wasusi, wapambaji na wapiga picha. Kama chuo hakina ukumbi wake, ondoa na kodi ya ukumbi. Hapo mnaweza kubaki na pesa ya kuwanunulia chakula vijana waliojitolea, na mshukuru Mungu. Fedha yenyewe hutoka kwingine: meza za mbele zinazonunuliwa na kampuni, mnada ambao watu huandika dau kwenye karatasi wakipita na glasi mkononi, na yule mhitimu wa zamani aliyetajirika ambaye hunyanyuka baada ya chakula akaahidi hundi. Jukwaa linawapa hao wote sababu ya kuvaa vizuri na kukaa chumba kimoja.

Sheria ya kodi ya hapa nayo inaijua hesabu hiyo. Mtu akilipa zaidi ya dola 75 kwenye hafla ya hisani na akapewa kitu, taasisi inatakiwa imwandikie thamani ya alichopewa. Aliyenunua tiketi ya dola 200, akala na kutazama vitu vya dola 80, mchango wake mbele ya kodi ni dola 120 tu. Ndiyo maana wiki ya mwisho utawakuta watu wa ofisi ya uchangishaji wanabishana bei ya kuku wa kuchoma kana kwamba wanafungua mgahawa.

Halafu zile fedha hazigawiwi. Hapa ndipo wengi wanapoduwaa. Sehemu kubwa huingia kwenye mfuko wa kudumu, na mtu wa pwani hahitaji somo refu kuuelewa, maana mwendo wake ni wa wakfu: nyumba haiuzwi, kinacholiwa ni kodi ya nyumba. Fedha huwekezwa, na vyuo vingi hapa hutumia kama asilimia 4 au 5 ya thamani ya mfuko kwa mwaka. Mfuko wa dola 50,000 ukitoa asilimia 4, mwanafunzi anapata dola 2,000. Palipo na ada ya makumi ya maelfu, hiyo ni kama kununuliwa cherehani ya kiwandani. Lakini mwakani zitatoka tena, na mwaka wa kufuata, hata aliyeziweka akishazikwa.

Kwa kuwa mfuko mpya huachwa kwanza ukue, na kwa kuwa wanaoonyesha kazi zao jukwaani kwa kawaida ni wa mwaka wa mwisho, wanaopigiwa makofi usiku ule hawatagusa hata senti ya kilichochangwa. Watakaofaidika wako nyuma ya pazia, wanapiga pasi na kuwavisha wenzao. Au bado wako sekondari.

Maonyesho ya kuchangisha yaliyofanikiwa kuliko yote ninayoyajua hayakuwa ya chuo, ingawa mbegu yake ilitoka chuoni. Miaka ya 1950, Jessie Covington Dent, mke wa rais wa Chuo Kikuu cha Dillard kule New Orleans, aliwaomba wenye jarida la Ebony wa Chicago wamsaidie kuandaa onyesho la mavazi la kuchangia hospitali. Kutokana na ombi hilo ikazaliwa Ebony Fashion Fair mwaka 1958, chini ya Eunice Johnson, mke wa mwenye jarida hilo, ikazunguka miji ya Marekani hadi 2009. Mama huyu alikuwa akienda Ulaya mwenyewe kununua mavazi ya mabingwa kama Yves Saint Laurent na Valentino, enzi ambayo baadhi ya nyumba za mitindo zilisita hata kumuuzia mwanamke mweusi. Wanamitindo wake walisafiri kwa basi, mji baada ya mji. Zilikusanywa zaidi ya dola milioni 50 kwa ajili ya hospitali, vyama vya jamii na ufadhili wa masomo. (Nitoke nje ya mada kidogo: wanamitindo hao walikuwa wakijichanganyia poda wenyewe, kwa kuwa dukani hapakuwa na ya rangi yao. Familia ya Johnson ikaliona hilo na mwaka 1973 ikaanzisha vipodozi vya Fashion Fair.)

Siri ya mafanikio yale ilikuwa kwenye mgawanyo wa gharama. Ukinunua tiketi, ndani yake umeshalipia na kuletewa jarida la Ebony au Jet. Kampuni ilipata wasomaji, kwa hiyo ilikuwa na sababu ya kubeba mzigo wa mavazi na safari. Chama cha mji kilichowaalika kikabaki na mapato ya mlangoni kwa ajili ya shughuli zake. Hilo nimelishika kama kanuni: maonyesho hayachangishi kitu mpaka apatikane mtu wa kubeba gharama kwa hiari yake, na mwenye kufaidika kwa kuzibeba.

Sasa niambie, kwenye maonyesho ya chuo gharama ya mavazi anaibeba nani? Mwanafunzi. Yeye ndiye mchangiaji mkubwa wa hafla ile, na jina lake halimo kwenye orodha ya wafadhili nyuma ya kijitabu cha ratiba.

Njoo nyuma ya pazia saa moja kabla taa hazijazimwa. Kila mwanamitindo ana fimbo yake ya kutundikia, kila vazi lina kadi yenye picha inayoonyesha livaliweje, viatu viko chini na soli zimebandikwa tepu zisichafue jukwaa. Kazi yangu saa hiyo ni kukagua mishono na pindo, kwa hiyo nayageuza mavazi ndani nje, moja moja. Huko ndani ndiko umasikini unakojificha. Koti la sufu linalong'ara kwa mbali, ukiligeuza unakuta bitana, kile kitambaa cha ndani, imeishia kwenye mabega, na mishono iliyobaki imefunikwa kwa utepe ili ionekane kama ndivyo alivyokusudia. Ni werevu, nampa alama zake. Lakini ninajua pia kwamba yadi tatu za bitana ya hariri zilimshinda, na ile ya bei rahisi ingemharibia mkao wa koti.

Mambo huanza mapema kuliko hapo. Vazi halikatwi moja kwa moja kwenye kitambaa chenyewe. Kwanza unashona sampuli ya amerikani, kile kitambaa rahisi cha pamba, unamvika mtu, unabana kwa pini, unachora kwa kalamu pale panapovuta, unarudi kwenye karatasi ya pateni. Vazi gumu linataka sampuli mbili au tatu. Mwenye nazo hununua jora zima la amerikani na hajiulizi. Asiye nazo hufanya sampuli moja, wakati mwingine kwa shuka kuukuu ambayo haianguki kama hariri atakayoikata, kisha anakwenda kwenye hariri na mkasi akiwa hana yadi ya akiba. Mkono wa mtu wa hivyo hautulii. Na ikifika siku ya kuchagua mavazi ya kupanda jukwaani, sisi walimu tunakaa na makaratasi yetu tunaandika kwamba fulani ukataji wake umetulia zaidi. Tunadhani tumepima kipaji. Mara nyingine tumepima yadi.

Watu hupenda kunijibu kwa habari ya mbunifu wa mavazi Alexander McQueen, mtoto wa dereva wa teksi wa London. Kolekisheni yake ya kumaliza shahada pale chuo cha Central Saint Martins mwaka 1992 ilinunuliwa yote na Isabella Blow, mhariri wa mitindo, kwa pauni 5,000, alizozilipa kidogokidogo. Ni habari ya kweli na ni tamu, ila Isabella Blow mmoja hawezi kuketi safu ya mbele ya kila chuo. McQueen mwenyewe alilielewa hilo. Kabla ya kufariki mwaka 2010 alikwisha anzisha taasisi ya Sarabande, ambayo hadi leo inalipia masomo ya wabunifu chipukizi, wakiwemo wa chuo chake kilekile.

Ipo pia njia isiyohitaji jukwaa hata kidogo. Mbunifu Virgil Abloh, aliyezaliwa na wazazi wa Kighana kule Rockford, jimbo la Illinois, na mama yake akiwa mshonaji, alikusanya dola milioni 1 mwaka 2020 kwa ajili ya wanafunzi weusi wa mitindo. Hakuanza ofisi mpya. Aliziweka chini ya Fashion Scholarship Fund, chombo kilichokuwepo tangu 1937. Mwanafunzi anaomba kwa kuandika na kutetea wazo lake, hakuna taa wala ukumbi wa kukodi. Mtunza hazina yeyote angeipenda hesabu hiyo. Hata hivyo sisemi maonyesho yafutwe. Mwanafunzi anatakiwa aone vazi lake likitembea, maana kosa la kwapa halionekani mpaka mtu anyanyue mkono mbele ya watu. Ninachotaka ni kwamba dola za kwanza za mlangoni, kabla ya kwenda kwenye mfuko wa kudumu, ziende dukani kununua vitambaa vya wanaoonyesha. Mfuko unaweza kusubiri mwaka. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hawezi.

Kwa wazazi wenye mtoto aliyepata nafasi huku, barua ya ufadhili ikifika isomeni taratibu. Ulizeni kama fedha ni za mwaka mmoja au zitaendelea, na kwa masharti gani. Ulizeni pia: mtoto akipata ufadhili mwingine wa nje, chuo kitapunguza wake? Vyuo vingi hufanya hivyo. Mtoto anahangaika na maombi, anapata dola 3,000 kutoka kwa chama fulani, chuo kinamkata dola 3,000, anabaki pale pale. Jimbo la Maryland ndilo lililotangulia kuweka sheria ya kuvibana vyuo vyake vya umma kwa jambo hilo, mwaka 2017. Kwingi bado ni ruksa.

La mwisho ni kodi, nalo linaungana na vitambaa vyangu. Fedha za ufadhili zinazolipia ada, vitabu na vifaa ambavyo kozi inawataka wanafunzi wake wote wawe navyo hazikatwi kodi. Zinazolipia chumba na chakula hukatwa, na kwa mwanafunzi wa viza ya F-1 makato ya kawaida ni asilimia 14 kabla hajazishika. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kumpunguzia. Maana yake, kitambaa kikitajwa kwenye mtaala wa kozi kuwa ni lazima, kipo upande salama. Kisipotajwa, ofisi inaweza kukihesabu kuwa ni matumizi yake binafsi. Mimi siku hizi naandika kila kitu kwenye karatasi ya kozi, tangu wiki ya kwanza: amerikani yadi kadhaa, bitana, zipu, uzi, pini, karatasi ya pateni, hata sindano za cherehani kwa namba zake. Ukurasa unakuwa mrefu na mkuu wa idara analalamika. Mwanafunzi aupeleke ofisi ya fedha pamoja na risiti, na atunze nakala.